Tairi Mbili

Nestori Magoti, muuza tairi wa Buzuruga,
hakuniuliza nina shilingi ngapi.
Aliizunguka pikapu yangu kimya kimya,
akainama kwenye gurudumu la nyuma, akalipapasa
kama apapasaye kichwa cha mtoto aliyenyolewa.
"Mama Mbuke," akasema, "hiki ni kipara."

Nilijua. Nilijua tangu masika,
tangu siku ile mlima wa Igombe uliponikataa
nikarudi kinyumenyume na magunia kumi na nane ya dagaa,
breki nimeikanyaga, gari haina habari.

Dukani zimepangwa hadi darini.
Hizi za matope, meno kama ya mamba:
zitautafuna udongo wa Kayenze, lakini kwenye lami
zitanguruma mpaka Kirumba, na wese nitalia nalo mwenyewe.
Hizi laini, za watu wa ofisini:
jiwe moja la kwetu, lile lenye ncha linalojifunika vumbi,
litazipasua ubavu kama sangara.
"Na zile kule pembeni?"
"Mtumba. Za Japani. Kashata bado nzima."

Bei ya nne za mtumba ni bei ya mbili mpya.
Nikapiga hesabu, nikairudia kana kwamba
mara ya pili ingenihurumia.
Nikachomeka sarafu ya mia kwenye mfereji wa kashata,
swala wakazama mpaka magotini.
"Tumepata," nikamwambia fundi wangu.

Lugwisha hakujibu.
Alilowesha kidole mate, akafuta vumbi ubavuni,
zikatokea tarakimu nne ndani ya duara kama yai:
3115.
"Wiki ya thelathini na moja," akasoma,
"mwaka kumi na tano."

Wiki hiyo nilikuwa Bugando, juu kule kilimani,
namzaa Mbuke.
Leo Mbuke ananifika begani,
viatu vya shule havimalizi naye mwaka.
Yeye alikuwa anakua, na tairi hili
lilikuwa limelala mahali, sijui bohari ya nani,
halijabeba kitu, halijakanyaga tope,
na bado limezeeka.
Lugwisha akalibonyeza kwa gumba:
vikafunguka vinyufa vyembamba
kama visigino vyangu mwezi wa nane.
"Mpira," akasema, "haungoji safari ndipo uchoke."

Basi mbili mpya. Plai nane,
za kati na kati, si mamba si karani.
Nestori akapunguza elfu tano, akaguna
kama niliyemng'oa jino.

"Zifunge mbele," nikasema. "Mbele ndiko kwenye usukani."

Lugwisha akaliacha jeki.
"Mbele kukiteleza utahisi mikononi, utapunguza mwendo.
Nyuma kukiteleza, utashika nini?"
Akapangusa mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.
"Na huko nyuma huwa anakaa nani?"

Nyafuru na ndoo yake.
Mama Sabato, mgonjwa wa kiuno, anayekalia khanga iliyokunjwa.
Bwire, kijana wa kupakia, ambaye hulala juu ya magunia
mdomo wazi toka Kayenze hadi Pasiansi.
Miezi yote ile, mlima wote ule,
mimi nimeshika usukani,
wao wameshika kamba.

"Funga nyuma."

Vile vipara Nestori alivichukua.
Vitakatwa katambuga, akasema,
kwa hiyo vitatembea tena,
safari hii mwendo wa mtu.

Alfajiri Kayenze, ziwa bado lina rangi ya sufuria.
Nyafuru aliweka mguu juu ya gurudumu ili apande,
akasita, akavigusa vile vinyweleo vya mpira
ambavyo barabara haijavinyoa.
"Umenunua mbili tu?"
"Mbili."
Hakusema kitu. Akapanda, akampa Mama Sabato mkono,
akamsukuma Bwire asogee,
kisha akagonga paa la kabini, mara mbili.